Nusu Iliyopotea Ndani ya Friji

Wifi yangu ana friji ambalo halijapoza hata tone la maji tangu alinunue. Alilinunua likiwa limeshakufa, akang'oa mabomba yake yote, akaweka ndani taa mbili, feni ndogo iliyotoka kwenye kompyuta kuukuu, bakuli la maji na rafu za waya. Mlangoni alikata tundu, akabandika kioo ili aone ndani bila kufungua. Mayai yakiingia humo hukaa wiki tatu, na yakitoka yanatoka na miguu. Mgeni akija kwetu akaomba maji baridi, kisha akaelekea chumba cha nyuma mwenyewe, tunamkimbilia kabla hajaushika mlango.

Mimi ni mke wa mdogo wake. Nalisema hili mapema ili ujue nasimama wapi. Wifi na wifi hawakosi la kugombania, na sisi tumeshagombania mengi, kuanzia kamba ya kuanikia nguo hadi nani kamaliza sabuni akanyamaza. Kwa hiyo ukinisikia namsifu, jua amenilazimisha.

Miaka mingi alikuwa mpishi wa bweni la shule, mwanamke wa masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake. Alipofiwa na mumewe akaja kukaa nasi, na kitu cha kwanza kushuka kwenye mizigo yake kilikuwa tenga la kuku. Si godoro, si nguo. Kuku wakaatamia, vifaranga wakauzwa, watu wakaanza kumwita Mama Vifaranga, na kuku walipolemewa na oda ndipo akatafuta friji.

Tatizo lilikuwa kidude cha kuzimia taa. Alikitoa kwenye pasi mbovu, kile kinachobofya pasi ikipata moto, akakirekebisha kwa bisibisi na dua. Mara ya kwanza kilifanya kazi. Mara ya pili kikaganda, taa hazikuzima, mayai yakaiva yote. Mara ya tatu kikakataa kuwasha, mayai yakaoza, na moja likapasuka. Sitaki kuisimulia ile harufu. Mume wangu, ambaye ni fundi wa magari na pua yake imezoea kila aina ya mafuta machafu, alikula gereji wiki nzima.

Aliporudi mezani akasema, "Dada, jaribu mara moja tena. Yakiharibika na haya, friji linatoka na chumba nakichukua. Spea zangu zinalala chini ya kitanda changu kama wapangaji."

Hakusema kwa ubaya. Ni kweli, chini ya kitanda chetu kuna giaboksi iliyofunguliwa, na kidole gumba cha mguu wangu kinaijua vizuri. Mimi nilikuwa upande wake na sikuficha.

Kesho yake tukawa tunamenya viazi, wifi akaniambia bila kuinua macho, "Wifi, sasa hivi mimi humu ndani ni mtu mwenye kazi yake. Friji likitoka nitakuwa dada mkubwa anayesubiri kuitwa chakula tayari. Nitakufa nikiwa hai."

Nilimenya kiazi mpaka kikabaki kama gololi.

Akakipeleka kile kidude cha pasi kwa fundi simu wa pale kona. Huyo ni mwanamke wa makamo, miwani yake imeshikiliwa na waya wa shaba upande mmoja, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Bi Waya. Bi Waya alikitazama kidude, akacheka, akakitupa kwenye ndoo ya takataka. Kisha akatoa kibao kidogo, ukubwa wake hauzidi kiberiti, kina miguu ya chuma kama tandu.

"Hii ni kompyuta," akamwambia. "Ndogo, lakini ni kompyuta. Unaiunga na kipimajoto cha waya, na skrini ndogo, na taa zako. Unaiambia iwashe lini na izime lini, basi inakesha yenyewe. Ila kuiambia utaiambia wewe. Mimi simu zangu zinanitosha, sina nafasi ya kulea mayai."

Na hapo ndipo amani ya jikoni kwangu ilipokwisha. Kila alasiri wifi alikwenda kukaa kwenye kigoda cha wateja cha Bi Waya, mbele ya kompyuta mpakato iliyong'oka vitufe vitatu, na kila jioni alirudi na somo ambalo lilikuwa linamwasha mdomoni. Hakuwa na mtu wa kumpakulia ila mimi.

"Wifi, kumbe kompyuta haijui kitu mpaka ukipe jina," akaniambia siku ya kwanza, hata hajavua viatu. "Wanaita kigeu. Unaandika jina, tuseme siku. Unaweka alama ya sawasawa, unaweka moja. Basi, siku ni moja. Kesho unaandika siku ni sawasawa na siku ongeza moja, na yenyewe inakuwa mbili."

"Siku ni sawasawa na siku ongeza moja?" nikamuuliza. "Kwa hesabu gani hiyo? Mwalimu wangu angekutoa nje."

"Hata mimi nilimwambia Bi Waya hivyo hivyo. Kumbe si hesabu, ni agizo. Chukua kilichomo, kiongeze moja, kirudishe mahali pake. Cha zamani kinatoka, kipya kinakaa. Ndiyo maana kinaitwa kigeu, kinageuka."

Alikuwa anazungumza huku amenishika mkono wenye sabuni. Mwanamke amepita hamsini, amepika ugali wa watoto mia kwa mwiko mrefu kama kasia, lakini macho yake siku ile yalikuwa ya msichana aliyepata barua.

Siku nyingine alikuja na aina za data. Yaani kila kigeu, kabla hakijabeba kitu, sharti useme kitabeba kitu gani. Kuna namba kamili. Kuna namba yenye desimali. Kuna maandishi. Na kuna kile cha kweli au si kweli, ambacho yeye alikipenda kuliko vyote.

"Taa inawaka? Kweli. Taa inawaka? Si kweli. Hakuna labda humo, wifi."

"Basi mdogo wako hawezi kuingia humo," nikamwambia. "Yeye kila kitu labda. Utarudi mapema? Labda. Umenunua mkate? Labda."

Tulicheka mpaka mwenyewe akatoka chumbani kuuliza kulikoni, tukamwambia hakuna, labda.

Lakini wifi hakuacha uchokozi wake. Nilikuja kugundua kwamba katika programu yake taa alizipa jina la kaka, kwa sababu zinapata moto haraka, na feni akaiita wifi, kwa sababu hainyamazi. Nilinuna hadi jioni. Aliyeniokoa ni Bi Waya, ambaye hakujua lolote kuhusu ugomvi wetu, alimwambia tu kwamba jina la kigeu liseme kilichomo, la sivyo mwezi ujao atafungua programu yake mwenyewe na kusahau wifi ni nini.

"Wifi hasahauliki," wifi akamjibu, lakini akabadilisha. Taa zikawa taa, feni ikawa feni.

Siku taa zilipozima zenyewe kwa mara ya kwanza, nilisikia yowe nikadhani kaungua. Nikakimbia na mwiko mkononi. Nikamkuta amesimama mbele ya friji, viganja mashavuni, na kile kiskrini kimeandika 37. Taa zimezima. Tukasubiri. Taa zikawaka. Hakuna aliyezigusa. Akanikumbatia na mwiko wangu wa mchuzi, nguo zikachafuka zote mbili, na sikuwa na hata chembe ya hasira.

Mayai aliyachagua moja moja. Akayapanga, akafunga mlango, akabofya, na kigeu cha siku kikaanza kuhesabu. Tangu hapo alikuwa na wimbo mmoja. Ukimuuliza hali, thelathini na saba na nusu. Ukimwamkia, thelathini na saba na nusu. Ndilo joto la mayai, alisema, si zaidi wala si pungufu, na alilitaja kuliko jina lake mwenyewe. Kila nikipita alinivuta nitazame skrini. 37. Asubuhi 37, mchana jua linapasua mabati 37.

"Umeona? Imetulia kama maji mtungini," alisema.

Hata mume wangu alianza kuchungulia kwenye kioo akitoka kazini, ingawa alijifanya anatafuta soksi.

Ikafika siku ya ishirini na moja, ambayo kwa watu wa mayai ni siku ya kujifungua. Wifi alivaa gauni lake la sherehe. Akaongeza maji kwenye bakuli, akavuta kigoda, akakaa. Hakula. Mchana hakuna kitu. Jioni alibandika sikio kwenye mlango wa friji, akaniomba na mimi nibandike, nikasikia feni tu. Asubuhi iliyofuata mayai yalikuwa yamelala vilevile, meupe, mazima, hakuna hata ufa. Alikuwa bado na gauni lile lile.

Saa ya chakula cha mchana mume wangu alirudi nyumbani na beseni. Aliliweka chini taratibu, na nilimwona anavyotafuta maneno.

"Dada," akasema, "tuyatoe kabla hayajapasuka."

Nilitegemea watagombana. Wifi akainuka, akajifuta mikono iliyokuwa mikavu, akaenda mwenyewe kuchomoa waya ukutani. Na hapo ndipo damu iliponichemka. Sijui nilimkasirikia nani. Labda friji. Labda yeye, kwa kukubali kirahisi hivyo, mtu ambaye kwa kipande cha sabuni hukesha akibishana. Nikasimama katikati yake na ukuta.

"Hii mashine yenu ni ya uongo," nikasema. "Wiki tatu nzima sikulala wala sikula bila kuambiwa thelathini na saba na nusu. Nimeamkiwa nayo, nimeagwa nayo. Sasa mbona hapa pameandikwa thelathini na saba peke yake? Nusu yenyewe iko wapi?"

Nilisema kwa hasira tu, mtu anavyosema lolote. Lakini mkono wa wifi uliishia hewani. Akaitazama skrini. Akanitazama mimi.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

Hakungoja. Alitoka mbio, gauni la sherehe, ndala mguu mmoja, na kabla mume wangu hajamaliza kuniuliza dada yake kapatwa na nini, alikuwa amesharudi na Bi Waya, naye kompyuta kaipakata kama mtoto mgonjwa. Duka kaliacha wazi.

Wakaifungua programu juu ya kigoda. Sisi wengine tukainama nyuma yao. Juu kabisa palikuwa na vigeu vyote, na kila kimoja kimetangulizwa na aina yake. Mayai, namba kamili. Siku, namba kamili. Joto, namba kamili. Joto linalotakiwa, namba kamili, sawasawa na 37.5.

Bi Waya akavua miwani, akaivaa tena. "Nani kakwambia joto ni namba kamili?"

"Hakuna," wifi akasema. "Mimi ni mtu wa mayai. Maisha yangu yote sijawahi kuhesabu yai na nusu. Ulipouliza aina, vyenye namba vyote niliviandika hivyo, sikufikiria mara mbili."

"Na mimi nilipoona taa inawaka na kuzima nikaridhika, sikusoma juu," Bi Waya akasema. "Basi tumekosa wote."

Mume wangu hakuelewa kitu, na kwa kweli hata mimi nilielewa nusu yake. Bi Waya akaona nyuso zetu. Akainua trei ya mayai ya plastiki iliyokuwa ukutani, ile yenye matundu, akampa mume wangu.

"Shemeji, nikikupa yai uliweke humu?"

"Litakaa."

"Nikikupa kikombe cha maji?"

"Yatavuja."

"Namba kamili ndiyo hiyo trei. Ukiipa thelathini na saba na nusu, inashika thelathini na saba, nusu inavuja chini. Na haikuambii kwamba imevuja. Inakaa kimya, inatekeleza." Akaigonga skrini kwa ukucha. "Ndiyo maana haikutetereka. Joto la kweli hupanda na kushuka kidogo kidogo, hii ilikuwa haina pa kuyaandika hayo mabadiliko madogo."

"Kwa hiyo wiki tatu yamekaa kwenye ubaridi," mume wangu akasema. "Yamekufa."

Nilimwona wifi midomo inacheza, anahesabu. Kisha uso wake ukaanza kufunguka, na mimi ninayemjua nikajua kuna jambo.

"Yangezidi joto yangekufa," akasema. "Haya yalipungukiwa nusu tu. Nilikuwa na kuku mmoja kule bwenini, mzururaji, akitoka kula anasahau kurudi. Mayai yake yalikuwa yanapoa kidogo kila siku. Na hakuacha kutotoa hata mara moja, ila alichelewa. Mdogo wangu, haya mayai hayajafa. Yamechelewa." Akamshika mkono. "Nipe mpaka kesho."

Mume wangu akalitazama beseni. "Na yakipasuka?"

"Nitaosha mimi," nikasema.

Akageuka kunitazama kama mtu aliyesikia giaboksi inaongea. "Wewe? Tangu lini uko upande wa dada?"

"Tangu sasa hivi."

Wifi akafuta maneno mawili, akaandika desimali mahali pa namba kamili, kwenye joto na kwenye joto linalotakiwa. Mayai na siku akaviacha vilivyo. Akakosea, akafuta, akaandika tena. Kibao kikazima, kikawaka. Vichwa vinne tukabanana mbele ya kiskrini kisichozidi kidole.

36.9.

"Ona nukta," wifi akanong'ona. "Ona nukta, jamani."

Ikawa 37.0. Ikawa 37.1. Sijawahi kutazama mpira nikashikwa roho vile. Kila tarakimu ikipanda mume wangu alikuwa anaisoma kwa sauti, yeye mwenyewe hajui. Nukta mbili. Nukta tatu. Ikarudi nukta mbili, tukaguna wote, ikapanda tena. Ilipofika 37.5 taa zikazima, na namba ikabaki inacheza cheza pale, sita, tano, nne, taa zikawaka tena.

"Sasa inapumua," wifi akasema, akakaa chini sakafuni.

Kesho yake asubuhi mume wangu hakwenda gereji. Alisema anatafuta spana fulani, na kwa ajabu spana hiyo ilikuwa lazima itafutwe chumba cha nyuma. Alizunguka, akainua hiki, akainua kile, mwisho akabandika sikio kwenye friji. Akaganda. Nilidhani amesikia mayai yakichemka kwa kuoza.

"Kuna kitu kinagonga," akasema kwa sauti ndogo.

Wifi alikuwa anapiga mswaki. Alikuja na povu mdomoni. Tukabanana kwenye kioo, na pale kwenye rafu ya juu, yai la pembeni lilikuwa na nyota ndogo ya ufa, na katikati ya nyota ncha ya mdomo inaingia na kutoka. Halafu jirani yake likatikisika. Halafu rafu ya chini. Nikapiga kelele kumwita Bi Waya kana kwamba nyumba inaungua, naye akaja, safari hii alifunga duka.

Wifi alilia na kucheka na kumeza dawa ya meno. Alikuwa ameweka kigeu kipya, vifaranga, na kitufe chake: kila anayetoka, anabofya, namba inaongezeka moja. Akabofya mmoja. Akabofya wawili. Alibofya kwa kidole gumba, kwa adabu, kama mtu anayegonga mlango wa mkubwa. Mume wangu alilipindua lile beseni alilokuja nalo jana yake, akalikalia, akakataa hata chai.

Walipofika saba, wa nane alikuwa amekwama. Kichwa nje, bawa moja nje, sehemu iliyobaki bado imo ndani ya ganda, amelala amechoka.

"Saba na nusu," mume wangu akasema.

"Kifaranga ni namba kamili, mdogo wangu," wifi akamjibu bila kugeuka. "Mngoje atoke."

Tukamngoja. Yule mdogo akapumzika, akajisukuma, akapumzika tena, na mara ganda likamtoka lote, akabingirika na kumwangukia mwenzake, amelowa, ana sura mbaya kuliko kitu chochote nilichowahi kukipenda. Wifi akabofya.

Mume wangu akainuka, akaligeuza beseni, akavua shati lake la kazi na kulitandika ndani. "Dada," akasema, "hili litawatosha, au nikalete na lile la gereji?"

Si mayai yote yalitotolewa, mengine yalilala moja kwa moja, lakini lile la gereji lilihitajika. Giaboksi bado iko chini ya kitanda. Jana nimeigonga tena kwa kidole kile kile, nikaitukana vizuri, kisha nikaenda chumba cha nyuma kumsaidia wifi kupanga mayai.